Mashini Iliyobarikiwa Mpaka Tumboni

Siku ya posho, Jumamosi, 13 mwezi wa kenda 2025

Mashini imefika. Imetoka Lilongwe juu ya gari ya kukodi, imefungwa na kamba kama muntu aliyeiba kuku. Motopompi, pompi ya maji yenye injini! Nyekundu. Ndogo kuliko mbuzi ya Douce. Nikauliza: hii? Hii njo itanyonya mutaro wote? Bamama bakapiga vigelegele mpaka batoto ba kambi hii ya bakimbizi bakakimbia kuja, bakifikiri kuna ndoa na wali.

Zawadi ya batoto ba kanisa letu, bale balipelekwa kukaa Amerika. Balichanga kule, bakamwambia Elodie anunue. Elodie njo prezidante wa shamba letu la bamama, pale chini kwa dimba, pahali udongo unabaki na unyevu wakati pengine pote ni vumbi. Ana diplome ya shule na anaitaja kila wakati, kama muntu anavyotaja kidonda.

Mi sina ugomvi na motopompi. Ugomvi wangu ni huu: tulikuwa na pompi ya kukanyaga na miguu. Ngumu, ndiyo. Inalia kama punda, ndiyo. Lakini inakunywa nini? Uji wangu wa asubuhi, basi. Elodie ameigawia kikundi kingine jana, kabla hii mupya haijatoa hata tone! Muntu gani anatupa sufuria ya zamani kabla hajaona kama ile mupya ina tako?

Nyanya ziko na maua sasa. Maua ya nyanya hayajui kungoja. Ukiyanyima maji yanaanguka, na we unabaki umelima majani.

Na esansi, petroli ya kuiendesha? Inchi hii haina esansi. Magari yamelala kwa laini huko Lilongwe, na bastation banakataa kuuza mu bidoni, yaani dumu. Elodie hakufikiri hiyo. Amenunua ng'ombe, hakuuliza nyasi. Alipouliza nani aende kutafuta, bote bakakumbuka magonjwa yao. Huyu goti, huyu tumbo, huyu mutoto ana homa.

Mukagasana akasema: nitaenda. Yeye anauzaga mboga soko ya Tsoka, Lilongwe, anajua bantu. Alifika mpaka Area 23 kwa Mumalawi mumoja anayeuza kimyakimya nyuma ya nyumba yake, akarudi na bidoni ya manjano chini ya matembele, mu minibus, polisi bakichungulia kila dirisha. Alifika ananuka esansi mpaka kwa nywele. Hakuna aliyemupa hata maji. Mi nilimupa.

Ni mujane, Munyarwanda, matuta yake yako kando ya yangu. Wakati mugongo wangu ulikataa kuinama, yeye njo alinikata kucha za miguu. Binti yangu mwenyewe alisema atakuja kesho.


Siku ya Mungu, 14 mwezi wa kenda

Leo balibariki mashini.

Kwetu Fizi, Kongo, na hapa kambini ni desturi moja: kitu kipya hakifanyi kazi kabla ya pasteri. Cherehani ya Odette wa kwaya ilibarikiwa. Kabaza ya Fabien, baiskeli yake ya kubeba abiria, ilibarikiwa, na breki zikakatika wiki ileile, lakini tuache.

Pasteri Lwaboshi ni shemeji yangu, alioa mudogo wangu, Mungu amulaze pema. Alikuja na suti nyeusi kwa jua lile! Mukononi kachupa ka Fanta kenye mafuta ya upako. Ile ya mizeituni ni ghali, kwa hiyo anaombea mafuta ya kupikia, ya alizeti. Mungu anaelewa, hakatai. Kwa cherehani ya Odette alipaka kidole tu. Lakini leo Elodie alishika telefone, anafilme ili batoto ba Amerika baone, na shemeji yangu akiona telefone anarefuka shingo.

Akapaza sauti: kupaka inje ni kazi ya Bafarisayo! Baraka iingie mpaka tumboni!

Akafungua kifuniko pale esansi inaingilia. Akamimina. Kachupa kote, akakapigapiga tako litoke hata tone la mwisho. Tukasema Amina. Bote. Na mi.

Kisha Patient, bwana ya Elodie, akavuta kamba. Mashini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikalia! Na maji ikatoka kwa tiyo ya mupira, kweli ilitoka, mi na magoti yangu haya niliruka. Matuta ya mbele yakakunywa. Kisha moshi. Mweupe, munene, kama nyumba ya majani imeshika moto. Nikasikia njaa ghafla, sijui kwa nini. Ikasema pu. Pu. Ikanyamaza.

Elodie bado anafilme. Nikamwambia: zima hiyo telefone, mama, maiti haipigwi foto.


Siku ya kwanza, 15 mwezi wa kenda

Patient alivuta kamba asubuhi nzima. Bega lake limevimba. Mashini haijasikia kitu.

Tunabeba maji na mabeseni. Mugongo unanitukana kwa Kibembe.


Siku ya tatu, 17 mwezi wa kenda

Elodie alimuita Fabien. Fabien anatengeneza baiskeli, na baradio, na kama umuachie muda atatengeneza ndoa yako. Alizunguka mashini kama muntu ananunua mbuzi. Akanusa. Akasema: esansi mbaya. Bantu ba soko ya giza banaongezaga maji.

Hakusema zaidi. Alisema "bantu ba soko ya giza". Lakini neno likitoka kinywani kwa Fabien saa tatu, saa sita limekwisha kuvaa nguo ingine. Nilikuwa nateka maji nikasikia Douce anaambia mwenzake: Mukagasana aliuza nusu njiani, akajaza na maji ya bomba. Mwenzake anajibu: si unajua bale. Bale!

Nikauliza, bale nani? Bakashtuka. Douce akaniita Koko, vile banaita bamama bazee: Koko, hatukukuona.

Najua hamukuniona. Mi niko mufupi, lakini masikio yangu ni marefu.

Toka vita ilirudi kwetu, sukari ikipotea ni Munyarwanda. Mvua ikikawia ni Munyarwanda. Huyu mama alikimbia vita ya kwao, akakimbilia kwetu Kongo, akakimbia tena pamoja na sisi, akalala hemani na sisi. Leo esansi imechafuka basi ameota mikia.


Siku ya tano, 19 mwezi wa kenda

Reunio. Mukutano wa bamama bote. Kwa hasira, herufi zinaenda kama kuku amelewa.

Tulikaa pale kwa dimba kandokando ya ile maiti nyekundu. Elodie alifungua na maombi, halafu akaanza Kifaransa. Elodie akitaka kufanya ubaya anaufanya kwa Kifaransa. Tukamwambia shuka chini. Akashuka: komite imeona hasara, komite imeona kwamba aliyeleta esansi njo mwenye kujibu.

Mukagasana akasimama. Sauti ndogo. Akasema: bamama, nilileta vile nilipewa. Bidoni haikufunguliwa njiani. Hata ningetaka kufungua, nilikuwa nimeikalia.

Bengine bakacheka. Si kicheko kizuri.

Elodie: basi lete ingine safi, na mpaka uilete, matuta yako yatashikwa na muntu mwingine ili nyanya zisikauke. Kwa faida ya bote. Atayashika Douce.

Douce! Dada ya Patient! Muntu anayetuma mbuzi yake ipalilie! Na yale matuta ya Mukagasana njo mazuri kuliko yote, maana alibeba mbolea ya ng'ombe kichwani toka kijijini kwa Bamalawi. Nyanya zake ziko mbele ya zetu. Batoto bake hawana shamba lingine, na posho ya kambi munaijua.

Nikasimama. Nikasema: Elodie, nilikuogesha ukiwa mutoto mwenye upele, na leo ningekuogesha tena. Nani ameona huyu mama akiweka maji? Ainue mukono.

Hakuna mukono.

Nikasema: basi?

Akasema: Koko, kaa chini, utapandisha presha.

Balipiga kura na mikono. Sasa mikono ikapatikana! Odette aliangalia majani. Mi peke yangu nilikataa. Mukagasana hakulia. Aliokota jembe lake, akalifuta na pindo la kitenge, akaenda. Hata hakuniangalia. Hiyo njo iliniuma.


Siku ya pili, 23 mwezi wa kenda

Tumeenda Lilongwe kutafuta ukweli wa ile esansi. Mi na Mukagasana. Alikataa mara nyingi, nikamwambia usipokuja nitapotea, utaulizwa na Mungu.

Fabien alifungua ile sehemu ndogo ya mashini inayopitisha esansi, karburateri, akanifungia mu plastiki. Alinipa na kachupa ka ile esansi iliyobaki tumboni mwa mashini. Aliniambia: Koko, mi sikusema Mukagasana, nilisema soko. Nikamjibu: na ulipoona bameongeza jina, ulikuwa na mafua? Akakwaruza kichwa. Fabien ni muntu muzuri mwenye moyo wa muhogo uliolowekwa.

Kizuizi cha barabara: polisi anauliza munaenda wapi. Nikakohoa. Nikakohoa vizuri sana. Akasema, zikomo agogo, pitani, yaani asante mama muzee, piteni. Tulipopita mutaa wa Nsungwi, Mukagasana akaanza kucheka ndani ya kitenge. Ni kicheko cha kwanza toka ile reunio.

Kwanza yule muuzaji wa Area 23. Muntu mwembamba, kofia ya mupira. Mukagasana akamueleza kwa Chichewa. Akakasirika sana! Akaingia ndani, akatoka na esansi ya bidoni yake, akaimimina mu glasi mbele yetu. Safi kama machozi. Akasema sokoni bako wezi, ndiyo, lakini yeye jirani zake bote ba kabaza banakunywesha pikipiki zao hapa, angeongeza maji bangemuchoma na nyumba. Neno la kweli. Wizi unahitaji kuhama, na huyu alikuwa na bata, na muntu wa bata hahami.

Akatupeleka kwa jirani yake fundi wa pikipiki. Fundi akafungua karburateri. Ndani kumeganda kitu cha manjano kama kamasi ya mutoto. Akaweka kidole. Akanusa. Akaangalia mi, akaangalia Mukagasana. Akamuita bibi yake toka jikoni. Bibi akanusa pia. Bakaanza kucheka hao bawili, yule bibi akishika mulango.

Nikauliza: nini?

Mukagasana anatafsiri, na uso wake unabadilika polepole. "Mukecuru," ananiita hivyo, kwao ni kumuheshimu mama muzee, "Mukecuru, anauliza maandazi yako wapi."

Mafuta ya kupikia. Alizeti. Imeziba katundu kadogo kama tundu la sindano, na bujii, plagi ya kuwashia, nayo imekuwa nyeusi na masizi.

Nikakaa chini palepale, juu ya tairi. Kachupa ka Fanta! Tulikuwa pale bote! Mchana kweupe, macho wazi, na telefone inafilme! Niliona kifuniko kinafunguka. Nilisikia ile chupa inapigwa tako. Ile njaa niliyosikia, ile ilikuwa ni harufu ya kukaanga! Na kambi nzima inatafuta muchawi Area 23.

Mukagasana hakucheka. Alisema tu: kwa hiyo balijua.

Nikamwambia hapana, habakujua, bajinga habajui. Akasema: Mukecuru, baliona.


Siku ya tatu, 24 mwezi wa kenda

Nilienda kwa shemeji. Alinitolea kiti chake kizuri. Sikukikalia.

— Shemeji, ulimimina mafuta ya kupikia mu motopompi.

— Nilimimina upako.

— Upako wa alizeti! Fundi ameunusa. Bibi yake ameunusa. Mashini yenyewe ilitema mbele yako.

Akainua macho. Ana njia ya kuinua macho kama muntu anasikiliza simu ya mbinguni. Kisha akaniuliza: unaona kitu kilichoombewa kinaweza kuua mashini? Nikamwambia: hata mi nikikuombea uji wangu, ukiumimina masikioni utakuwa kiziwi.

Basi akaanza kuwa muntu. Alishuka mabega. Akasema bale ba Amerika balilia bakiona ile video. Banaituma kwa kila muntu. Bameahidi motopompi ya pili. Nibaambie nini?

— Baambie umeikaanga.

— Mama, bantu habatakuja tena kuombewa.

— Batakuja. Utabapaka inje.

Alicheka kidogo, kisha akajizuia. Nilimkumbuka wakati alikuwa anakuja kuomba mudogo wangu, na viatu vya kuazima, amevivaa kushoto kulia. Nilimtetea siku ile kwa baba. Nikamwambia: huyu mama amenyang'anywa matuta yake. Si jambo la heshima yako, ni jambo la sufuria yake.

Akasema: shemeji, niachie mpaka siku ya Mungu. Nitalimaliza kanisani, mbele ya bote.

Nimemuachia. Kichwa kikubwa na suti, lakini moyo si mubaya.


Siku ya Mungu, 28 mwezi wa kenda

Ah! Ah! Nimerudi tu, hata kitambaa cha kichwa sijafungua.

Nilimbembeleza Mukagasana aje. Nilimwambia leo utasikia mambo mazuri. Alivaa kile kitenge cha bluu, akakaa nyuma karibu na mulango. Mi nikakaa mbele ili nione vizuri. Mujinga mi!

Mahubiri: kusamehe, saba mara sabini. Vizuri. Anapanda, anashuka, anafuta jasho. Nikangoja. Kisha anafungua mikono, anasema: kuna dada mumoja kati yetu alianguka. Alianguka mu jambo la esansi. Lakini Mungu si muntu! Leo kanisa linamusamehe! Semeni haleluya!

Bakasema haleluya! Bengine bakageuka bakatabasamu nyuma, kama vile bamemupa ng'ombe.

Alimusamehe! Alichukua kosa lake mwenyewe, akalifunga vizuri, akamupa huyu mama zawadi!

Nikasimama. Lwaboshi aliniona, akatoa ishara kwa kwaya, kwaya ikaanza wimbo. Naujua ule wimbo, hauishi mpaka Krismasi. Nikatembea mpaka mbele nikakaa juu ya ngoma. Huwezi kupiga ngoma chini ya mama muzee. Bakanyamaza mumoja mumoja.

Nikasema: sikilizeni, hata ninyi munaojifanya kufunga macho. Muliona chupa. Muliona kifuniko. Huyu pasteri, shemeji yangu, mwenye nampenda, alimimina mafuta ya kukaangia samaki mu mashini ya esansi, na ninyi mukasema Amina, na mi nikasema Amina. Fundi ametoa mafuta yenyewe na kidole. Esansi ya Mukagasana ilikuwa safi kuliko mioyo yenu. Sasa munamusamehe nini? Semeni. Munamusamehe nini?

Elodie: Koko, hapa ni nyumba ya Mungu.

— Basi ongeeni kama Mungu yuko!

Pasteri: Mama, tafadhali, keti.

— Si unaona nimeketi!

Mutoto mumoja akacheka, akapigwa. Kisha toka kwa kwaya, sauti kama ya panya. Odette. Akasema: ni kweli. Ilikuwa chupa ya Fanta. Mi njo niliuza ile mafuta kwa pasteri.

Vichwa vyote vikageukia pasteri. Lwaboshi akafuta uso wote, na shingo, na masikio. Nilidhani sasa. Sasa atasema. Midomo yake ilikwisha kufunguka.

Akasema: tuombe.

Akaomba! Akaombea Kongo, akaombea Malawi, akaombea bagonjwa na basafiri. Muntu akikosa jibu anaomba, na Mungu anageuzwa kuwa pazia.

Tuliposema Amina nikageuka kutafuta kitenge cha bluu. Benchi tupu.


Siku ya kwanza, 29 mwezi wa kenda

Mashini inatembea.

Fabien aliosha tumbo lake, akarudisha karburateri, akaweka bujii mupya, akamimina ile esansi iliyokuwa imebaki mu bidoni. Ileile ya Mukagasana. Ileile bamesema ni maji! Patient alivuta kamba mara moja. Ikalia kama ng'ombe dume, bila moshi, maji ikaruka mpaka kwa sketi ya Elodie.

Bamama banaimba. Hakuna aliyesema: kumbe. Neno dogo lile, "kumbe", linaonekana lina miiba.

Pasteri alikuja, akasimama mbali, mikono mifukoni. Akanikaribia, akasema chini chini: shemeji, leo sifungui kitu. Nikamjibu: kinywa njo ungefungua jana.

Nikamwendea Elodie. Nikasema sasa matuta ya Mukagasana yarudi. Akaangalia maji. Akasema: Koko, hakuna muntu anamushtaki tena, ile imekwisha. Lakini reunio iliamua, na Douce amekwisha kupalilia. Tuone msimu ujao.

Ile imekwisha! Uongo bamezika, lakini urithi wake bamegawana.

Na maji ya kwanza ilienda wapi? Kwa tuta la mbele. Kwa Douce. Nyanya zimeanza kuvimba pale, kijani, nzuri. Kila moja najua nani aliipanda.


Siku ya pili, 30 mwezi wa kenda

Kwa Mukagasana. Mulango umefungwa. Nilijua yuko ndani, jiko lilikuwa la moto. Nikaacha mihogo kwa kizingiti.

Kurudi nikapita, mihogo haipo. Vizuri. Amekasirika lakini anakula.


Siku ya ine, 2 mwezi wa kumi

Niko kwake. Naandikia hapa juu ya goti. Leo alinifungulia.

Nilikuja asubuhi, nikamwambia sitabisha hodi tena, nitakaa hapa inje mpaka jua linikaushe kama dagaa, na bajukuu bangu batakuja kudai maiti kwako. Akafungua. Akanipa chai. Tukakaa hapa mulangoni, anachambua maharage mu ungo.

Kisha anasema: Mukecuru, balinisamehe. Nitafanya nini na hiyo? Nitaiweka wapi?

Nikamwambia itupe kwa choo.

Akacheka. Na machozi yakaja pamoja, yakaanguka mu maharage. Nilimwambia usiongeze chumvi, utapika magumu. Nikamushika kichwa hapa kwa kifua changu. Ni mama ya batoto, ana nywele nyeupe mbele, lakini kichwa cha muntu akilia ni kizito kama cha mutoto. Nikamwambia mi sina matuta ya kukurudishia, lakini nusu ya yangu ni yako toka leo, na Elodie aje anipigie kura. Akasema hapana. Anataka yake. Hataki ya huruma, anataka yake.

Nikasema: basi hivyo njo tutasema.

Toka hapa tunasikia motopompi kule chini. Inalia, inalia. Mukagasana anainamisha kichwa akisikiliza, kama muntu anasikia bantu banakula.

Kisha ikabadilisha sauti. Ikawa nyembamba. Ikakohoa. Ikazima.

Tukangoja. Kamba inavutwa, tunasikia. Inavutwa tena. Hakuna kitu.

Tukaangaliana. Haikuwa moshi, haikuwa mafuta. Esansi imekwisha, basi! Bameimba juu ya mashini siku zote hizi, na hakuna hata mumoja aliyeinua bidoni kuona imebaki ngapi! Prezidante, sekretere, komite nzima, na diplome. Na Lilongwe magari bado yamelala kwa laini. Nani kati yao anajua nyumba ya Area 23? Yule muuzaji atamufungulia nani mulango, baada ya kuitwa mwizi wa maji?

Mukagasana aliendelea na maharage. Lakini mikono ilikuwa polepole.

Na sasa banakuja.

Nabaona kwa njia, kupita nyumba ya Fabien. Elodie mbele. Douce nyuma yake na udongo mupya kwa miguu, udongo ule ninaujua. Odette. Na mwisho kabisa shemeji yangu, bila suti, amebeba ile bidoni ya manjano, tupu, inagongagonga goti lake.

Elodie anaita toka mbali, sauti ya asali: hodi, Mama Mukagasana! Tumekuja tu kukuona!

Kukuona. Na bidoni.

Nimemwambia Mukagasana kwa sauti ndogo: we usisimame. Hajasimama. Kuna kiti kimoja hapa inje. Pasteri alikiangalia, akafikiri ni chake, maana viti vyote vya dunia ni vyake. Mukagasana akakivuta na mguu, akakileta upande wangu, akaweka ungo juu yake.

Banasimama kwa jua. Bote. Elodie anasema jua ni kali leo. Tunakubali, jua ni kali. Anasema mashini ni nzuri sana. Tunakubali. Anasema nyanya zitakauka, bamama bote bataumia, sisi ni familia moja. Mukagasana anatoa jiwe mu maharage, analitupa. Limeanguka karibu na kiatu cha Elodie.

Pasteri ameweka bidoni chini. Anasafisha koo. Anaangalia mi naandika, hajui naandika nini, na jasho linamtoka.

Mpaka sasa hakuna aliyesema neno "matuta". Nimeacha mustari mutupu hapa chini, nitaweka jina la yule atalisema wa kwanza.

Douce anaangalia miguu yake. Shemeji amefungua kinywa.

Bado.